Ukifika Kaunta ya Spea



"Mna shokapu ya IST?" Swali hilo huulizwa kutwa nzima katika maduka ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam, na anayeuliza huwa na hakika kwamba amemaliza kila kitu. Kijana wa nyuma ya kaunta humtazama, akatazama rafu, akamtazama tena. Kisha anaanza yeye kuuliza. Ya mbele au ya nyuma? Kulia au kushoto? IST ya mwaka gani? Ni fowili? Mteja anaona anasumbuliwa. Anajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuudhika: "IST ya kawaida tu, bwana."

IST ya kawaida haijawahi kutengenezwa. Ile ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2002, ina NCP60 yenye injini ya sisi 1300, ina NCP61 ya sisi 1500, na ina NCP65 ambayo nayo ni ya 1500 lakini ni fowili. Mwaka 2007 ikaja ya pili, NCP110 na ZSP110, yenye sura nyingine na miguu mingine. Zote zimeandikwa IST nyuma, na zote zinapita Mtaa wa Msimbazi kila siku. Na shokapu ya mbele ya kulia si ya kushoto. Kwa hiyo kijana aliyeulizwa swali la maneno manne ameombwa achague kitu kimoja katika vingi vinavyofanana, na akikosea, gari limebaki juu ya jeki huko Tandika, fundi amekunja mikono, na lawama zote zinamrudia yeye.

Nimekaa upande wa mteja maisha yangu yote, lakini leo naomba nimtetee huyu wa upande wa pili wa kaunta, angalau kwa nusu ya kipindi.

Mwangalie anavyofanya kazi. Nyuma yake kuna rafu zinazogusa dari, zimejaa maboksi ambayo kwa macho ya mgeni yote ni mamoja. Mbele yake mmesimama watu sita, na kila mmoja anaamini amewahi kuliko mwenzake. Simu moja ni ya mteja wa Songea anayetaka mzigo uingie kwenye basi la usiku. Simu ya pili ni ya mteja wa Lubumbashi, na Kiswahili chake cha Katanga kina majina ya spea yaliyotoka kwenye Kifaransa. Bodaboda ametumwa kutoka Mbagala, haelewi kitu, ana picha ya WhatsApp iliyopigwa chini ya gari bila mwanga. Wote hao wanataka jibu sasa hivi. Huyu kijana hajasomea ufundi chuoni. Kama wengi wa wenzake, alianza kwa kufagia duka na kubeba mizigo, akajifunza kwa kushika vitu mkononi, na leo anaweza kufumba macho akakwambia oili filta hii ni ya gari gani kwa kupima mdomo wake kwa kidole. Ni elimu kubwa isiyo na cheti, na wateja wengi tunaidharau.

Sasa, cha kumsaidia ni nini? Ni namba. Magari haya yaliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ambayo maduka ya Ulaya na Marekani huulizia. Yana namba fupi ya chesisi: kwanza alama ya aina, kama vile NCP61, halafu kistari, halafu tarakimu za gari lako peke yake, ambazo kwa Toyota ni saba. Imegongwa kwenye bodi, imeandikwa kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na imo kwenye kadi ya gari uliyopewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, ile uliyoifungia kabatini. Ipige picha, ikae kwenye simu yako. Muuzaji mwenye katalogi kwenye kompyuta au kwenye simu akiiingiza namba hiyo anaona mpaka mwezi gari lilipotengenezwa. Usidhani mwezi ni jambo dogo. Kiwanda hubadilisha vitu katikati ya maisha ya gari bila kugusa sura yake, na ndiyo maana jirani yako mwenye gari kama lako, rangi kama yako, anaweza kuwa anatumia pedi za breki ambazo kwako hazikai.

Spea yenyewe nayo ina namba. Kwa Toyota mara nyingi ni nafasi tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza zinataja ni kitu gani. 04465 ni pedi za breki za mbele. 45046 ni tairodi endi. 43330 ni boljointi ya chini. 17801 ni eya klina, 90915 ni oili filta. Zile za mwisho ndizo zinazotenga ya gari hili na ya gari lile. Wauzaji wakongwe wanazitaja namba hizi kama wewe unavyotaja namba ya simu ya mama yako. Mteja anayekuja na namba hiyo kwenye karatasi anahudumiwa haraka kuliko anayekuja na maelezo marefu ya jinsi gari linavyolia likipita kwenye tuta. Naomba tuelewane hapo. Mlio wa gari ni habari ya fundi, na mtu wa kaunta hawezi kuupima kutoka mtaa wa pili hata ukiuigiza kwa mdomo. Wapo wanaouigiza, nimewasikia.

Wengi tunategemea sampuli: unafungua kilichoharibika, unakifunga kwenye gazeti, unakwenda nacho dukani. Ni njia nzuri, na kwa spea ndogo kama bushi na beringi ni bora kuliko maneno. Lakini ina mtego. Gari lililopita kwa wenye watatu na mafundi kumi si ajabu limekwisha kufungwa kitu kisicho chake, kikakaa kwa kulazimishwa. Ukiipeleka sampuli hiyo, muuzaji atakupa inayofanana nayo kabisa, nawe utakuwa umenunua upya kosa la fundi wa zamani. Sampuli na namba ya chesisi viende pamoja. Vikipingana, kijana makini wa kaunta atakwambia, "Bosi, hii uliyoleta si ya gari hili." Akikwambia hivyo, usimwone mjuaji. Amekuokoa.

Hapo nusu ya kwanza imekwisha. Sasa twende kwenye yanayokera.

La kwanza ni neno "ipo". Uliza chochote Kariakoo, utajibiwa ipo. Kisha unasikia, "Kaa hapo kwenye benchi, mkubwa, dakika mbili," na kijana mdogo anatoka mbio, anavuka barabara, anapotelea kwenye uchochoro. Ukiona hivyo, jua dukani haimo. Imo kwa jirani, au kwa jirani wa jirani, nayo itarudi ikiwa imeongezeka bei kidogo kwa kila mkono ulioigusa. Na kabla hata hujafika kaunta kuna winga, yule aliyekupokea kwenye kona ya barabara akakuita anko, akakuongoza mpaka dukani kwa ukarimu ambao hukuuomba. Naye ana chake kwenye bei hiyo. Nairobi, pale Barabara ya Kirinyaga, mambo ni yaleyale.

Ni ulaghai? Mimi nasema si lazima uwe. Hakuna duka linaloweza kuweka spea za kila Noah, kila Carina, kila Coaster na kila Kirikuu iliyoko mjini. Maduka ya mtaa mmoja huazimana mali, na utaratibu huo unakuokoa usizunguke juani mlango kwa mlango. Unacholipia ni miguu ya yule kijana. Ubaya uko mahali pengine: aliyekuuzia hajui kilikotoka alichokuuzia. Kikiharibika wiki ijayo atakwambia "ngoja nimuulize mwenyewe", na huyo mwenyewe hutamwona. Kwa hiyo uliza kabla hajaondoka, bila ugomvi: "Ipo hapa dukani, au unaifuata?" Wengi watakujibu ukweli, kwa sababu kuifuata si aibu. Baada ya hapo ni hiari yako kusubiri au kusogea duka la pili.

Wazee wanaonisikiliza wanacheka, maana wao walikulia kwenye neno la kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jibu la kaunta lilikuwa "hakuna". Fedha za kigeni zilikauka, magari yakawekwa juu ya mawe kwa kukosa beringi moja, na aliyeshika ufunguo wa stoo alikuwa mtu wa kutafutwa nyumbani kwake usiku. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, mali zilizofichwa zikafichuliwa, nyingine zikatupwa na wenyewe kwa hofu. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao walizokuwa nazo nje, na milango ikaanza kufunguka. Baadaye yakaja magari ya mitumba kutoka Japani, na spea zikafuata. Siwezi kumlaumu sana mtu wa leo anayesema ipo kwa kitu alichonacho jirani yake. Kuna kizazi kilichotamani kulisikia neno hilo hata la uongo.

La pili ni swali letu sisi wateja: "Hii ni OG?", yaani orijino. Tunaliuliza tukidhani ni la werevu. Nijuavyo mimi, swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni "OG kabisa". Ulitegemea aseme nini, mbele ya wateja wengine watano?

Tatizo ni kwamba watengenezaji wa magari hawatengenezi wenyewe kila kitu kilichomo kwenye gari. Denso ilikuwa sehemu ya Toyota mpaka mwaka 1949, ikajitenga, na leo inauza kwa kampuni nyingi za magari. Akebono wako kwenye breki, KYB kwenye shokapu, NGK kwenye plagi. Spea inaweza kuja kwenye boksi la mwenye gari, au kwenye boksi la kampuni kama hizo kwa bei nafuu zaidi, na zote mbili ni za kuaminika. Kisha kuna wanaotengeneza spea za kubadilishia tu. Humo utakuta 555 ya kampuni ya Sankei ya Japani, ambayo mafundi wetu wameiamini miaka mingi kwa boljointi na tairodi endi. Utakuta za Taiwani na za China pia, na hizo zinatofautiana sana: ipo itakayokupeleka miaka, ipo itakayoanza kulia kabla hujamaliza kumlipa fundi. Chini kabisa kuna ya bandia, iliyoazima jina na boksi la kampuni kubwa. Na kando ya zote hizo kuna mtumba, ile iliyofunguliwa kwenye gari lililokatwa, kama zinazouzwa Ilala kule Shaurimoyo. Hiyo nayo ni OG kwa maana yake. Imetoka kiwandani, ila imekwisha kutembea.

Mimi mtumba nausifu kwa taa, milango, vioo vya pembeni, hata gia boksi kama umepata muuzaji anayejulikana alipo. Kwa pedi za breki nasema hapana. Sitaki hata kusikia hoja ya bei.

Basi swali la kuuliza ni hili: "Una za kampuni gani, na kila moja shilingi ngapi?" Utaona mabadiliko papo hapo. Kijana atashusha maboksi mawili au matatu, atayapanga kwenye kaunta, ataanza kueleza. Hii wenye daladala ndiyo wanayochukua. Hii inadumu ila subiri, ni ghali. Hii sikushauri, labda kama unaliuza gari. Ndiyo, wanasema hivyo! Mtu wa kaunta akiulizwa kama mjuzi hupenda kujibu kama mjuzi. Akiulizwa kama mtuhumiwa, atajitetea tu. Na usisahau salamu. Kuna watu wanaingia dukani na jina la spea mdomoni badala ya "habari za kazi", wanamwita "we kijana" mtu mwenye watoto sekondari, halafu wanashangaa kwa nini bei yao haishuki.

Tufike kwa fundi sasa, maana ndiye mtu wa tatu kwenye mazungumzo haya hata asipokuwepo. Fundi hukwambia, "Nenda duka la fulani, mwambie nimekutuma." Ukifika, bei ni 80,000. Mwenzako aliyekuja peke yake dakika tano baadaye anauziwa kitu hichohicho 60,000. Hiyo 20,000 katikati ni cha juu, na jioni itamfikia fundi kwa simu. Mtu wa kaunta anajua, na analazimika kunyamaza. Fundi huyo humletea wateja mwaka mzima, wewe utarudi baada ya miezi minane kama utarudi. Ukimbana akutajie bei halisi, unamwomba agombane na mtu anayemlisha.

Ninaona cha juu ni matokeo ya sisi kutotaka kulipa kazi ya kichwa. Fundi amelala chini ya gari lako saa nzima kutafuta mlio unatoka wapi, ameupata, na unapomuuliza gharama unataka kulipia kufunga bolti tu. Ule uchunguzi tunauona ni bure. Naye anaifidia saa yake kwenye spea. Fanya hesabu wazi naye mapema: uchunguzi kiasi hiki, kufunga kiasi hiki, kufuata spea kiasi hiki, na spea nanunua mimi kwa risiti. Fundi mwenye akili atakubali. Anayekataa kabisa, na akasisitiza lazima duka moja tu, hapo ndipo pa kuanza kumtilia shaka.

Kuna jambo moja la watu wa kaunta ambalo sitalitetea. Dada anaingia dukani, gari lake, pesa yake, namba ya chesisi anayo kwenye simu, na anaulizwa, "Fundi wako yuko wapi?" Au ameongozana na kaka yake asiyejua hata kufungua boneti, na maelezo yote yanaelekezwa kwa kaka. Akina mama wanaoendesha mjini sasa ni wengi, wengine ndio wenye Bajaji tano na Noah mbili barabarani, wananunua spea kuliko sisi. Muuzaji anayemruka mteja kwa sababu ya kitambaa kichwani anapoteza pesa, na anastahili kuipoteza. Dada yangu, ukijibiwa hivyo, rudisha simu kwenye pochi, vuka barabara. Duka la pili limejaa maboksi yaleyale.

Limebaki lile bango la ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa vifaa vya umeme, kama sensa, nawaelewa. Kuna mafundi wanaonunua sensa, wanaifunga kujaribu bahati, wakiona taa ya dashibodi bado inawaka wanataka kuirudisha, nayo imekwisha kuingia mafuta na alama za spana. Duka la spea si maabara ya kujaribia. Lakini bango halifuti sheria ya nchi. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua hali hii: ukimweleza muuzaji wa bidhaa fulani unaitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, basi alichokupa kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Ukija mwenyewe ukaagiza kwa jina la kibiashara, "nipe ile ya kampuni fulani, basi", kinga hiyo inapungua, kwa kuwa umechagua wewe. Kwa hiyo ile namba ya chesisi ina faida ya pili. Mwoneshe, achague yeye, na yawe kwenye maandishi. Na kwa spea bandia kuna Tume ya Ushindani, FCC, wenye kazi ya kushughulikia bidhaa za namna hiyo.

Maandishi ninayosema ni risiti. Mashine za EFD zimekuwepo nchini tangu mwaka 2010, na bado mtu anaondoka maduka ya mtaa wa Gerezani na kikaratasi cha mkono kisicho na jina la duka, au bila chochote, kwa kupunguziwa elfu chache. Halafu kitu kikigoma anarudi kubishana kwa kumbukumbu. Chukua risiti, na isiandikwe "spea" tu. Mwombe aandike namba ya spea, jina la kampuni na namba ya chesisi ya gari, hata kwa kalamu nyuma ya karatasi, kisha agonge muhuri wa duka. Boksi pia usilitupe gereji. Atanuna kidogo, maana watu watano bado wamesimama nyuma yako na simu ya Songea inaita, lakini ataandika.